Mwanangu kadondoka baada ya chanjo ya HPV shuleni. Haya mambo nani anayaandika?

#1 MamaTunu
Habarini wakuu. Naandika nimekaa kitandani kwa mwanangu, kalala, hana shida kubwa ila mimi usingizi umegoma. Binti ana miaka 13, darasa la saba, shule ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Juzi kwenye hii wiki ya chanjo wamechanjwa shuleni ile ya HPV, ya saratani ya mlango wa kizazi. Anasema kachomwa begani kushoto, akatoka nje akasimama na wenzake, mara masikio yakaanza kulia wiii, macho yakaingia giza, chini. Kuja kushtuka anaona watu wamemzunguka na mwalimu anampepea na daftari la hesabu. Na wenzake watatu nao wakadondoka humohumo ndani ya nusu saa. Jioni mkono ukavimba kidogo, homa, kichwa.

Asubuhi nikampeleka zahanati. Nesi kampima joto, kasema kawaida hiyo mama mpe panadol, akaita mwingine. Hakuandika KITU. Hata jina hakuuliza. Sasa swali langu sio chanjo nzuri au mbaya, naomba sana tusiende huko. Swali ni hili: watoto wanne wamedondoka shule moja siku moja na hakuna aliyeandika, huko juu wanajuaje kama iko salama? Nani anahesabu?

#2 Nyegezi_Boy
"Naomba sana tusiende huko" 😂😂 dada we mgeni humu. Nimeshavuta kiti na karanga zangu.

#3 Babu_wa_Pwani
Pole mama. Ila tujiulize, hii kitu imeletwa mwaka huu mbio mbio, kwanini wasichana tu? Kwanini bure? Dawa ya kisukari tunanunua, hii wanatufuata mpaka darasani. Wenye macho tumeshaona, ni kizazi kinatafutwa hapo.

#4 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Babu sio mwaka huu. Kilimanjaro walianza kwa majaribio 2014, nchi nzima ikaja 2018 kwa mabinti wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka huu 2024 kilichobadilika ni dozi kuwa moja na umri kuwa 9 mpaka 14. Ndio maana mnaona watoto wengi kwa mpigo na kelele nyingi kwa mpigo.

MamaTunu pole. Kudondoka namna hiyo tunakuona sana kwa rika hilo, na sio HPV tu, hata pepopunda, hata kutoa damu. Mtoto anaona sindano, anaingiwa na woga, presha inashuka ghafla, damu haifiki kichwani vizuri, masikio yanalia, giza, chini. Ukimlaza miguu juu anarudi mwenyewe. Mzio mkali ni kitu kingine kabisa: vipele, midomo kuvimba, pumzi inakwama, na kulaza peke yake hakutoshi, pale ni adrenalini na ni haraka. Huo ni nadra, kama 2 kwenye dozi milioni moja, lakini ndio sababu timu hairuhusiwi kutoka bila adrenalini kwenye boksi.

Ila nimesoma tena ulivyoandika, "akatoka nje akasimama". Hapo ndipo pananikera. Anatakiwa AKAE CHINI dakika 15 na mtu anamwangalia. Wengi wanaoumia hawaumizwi na chanjo, wanaumizwa na sakafu.

#5 Mwl_Chaki
Mimi mwalimu, sio shule hiyo, ila nina yangu. Siku ya chanjo kwetu tuliambiwa timu inafika saa mbili. Watoto tukawapanga foleni. Timu imefika saa sita kasoro, gari lilikwama kwenye tope. Uji siku hiyo haukupikwa maana mpishi aliambiwa ratiba imebadilika. Sasa mtoto kala jana usiku, kasimama masaa manne, kila anayetoka ndani anatoka ameshika bega anamwambia mwenzie "sindano kubwa kama msumari". Unategemea nini? Walidondoka wawili na mmoja nilimdaka mimi.

#6 Kibogoyo_Original
Wakuu mnazunguka tu. Wasichana kudondoka shuleni ni mapepo. Shule niliyosoma mimi walikuwa wanadondoka sita saba kwa siku na hakuna chanjo wala nesi. Alivyokuja mchungaji wiki nzima kimya.

#7 Nyegezi_Boy
Mapepo yanasoma ratiba ya wizara eeh, yamekuja na gari moja na chanjo.

#8 Vidonge_Mara3
Turudi kwenye swali la mama, naona kila mtu kalikimbia. Mimi niko famasi.

Kinachoandikwa kinaitwa AEFI, tukio lolote baya kiafya linalotokea baada ya chanjo, LOLOTE, hata kama wewe unaona halihusiani. Huna haja ya kuthibitisha ndio uripoti. Kuna fomu, inajazwa kituoni, inaenda kwa mratibu wa chanjo wilaya, mkoa, mpango wa taifa wa chanjo, na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wanaipata. TMDA wana fomu zao za dawa zote, na mgonjwa au mzazi anaweza kuripoti mwenyewe bila kusubiri nesi. Tukio likiwa zito, yaani kifo, kulazwa, ulemavu, hatari ya kufa, hiyo inaripotiwa haraka, halisubiri mwisho wa mwezi, na uchunguzi unafanyika. Kutoka hapo ripoti za nchi zinaingia kwenye hifadhi ya WHO iliyoko Uppsala, Sweden. Huko ndiko wanakotafuta kitu ambacho nchi moja peke yake haiwezi kukiona, maana kitu kinachotokea mara 1 kwa milioni, mkoa wako unaweza usikione maisha yako yote.

Ukiiona hiyo fomu utacheka, vitu inavyouliza ni vidogo vidogo: saa aliyochanjwa, saa dalili zilipoanza, bega gani, nani alichoma, namba ya bechi (mkupuo wa kiwandani ilikotoka chanjo), tarehe ya kuisha, wangapi wengine walichanjwa kwenye kikao hicho. Bila bechi na saa, ripoti yako ni hadithi tu.

Mama una kadi ya mtoto? Bechi imeandikwa?

#9 MamaTunu
Asante #8. Nimeiangalia sasa hivi kwa tochi ya simu. Jina limekosewa, Tunu limeandikwa Tanu 😅. Tarehe ipo. Sehemu ya bechi kuna kistari tu, kama mtu alikuwa anajaribu kalamu.

#4 nimekuelewa. Ila homa na mkono navyo ni woga?

#10 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Hapana, hivyo ni chanjo yenyewe, na mwili unajibu. Mkono kuuma ndio kitu cha kawaida kuliko vyote kwenye chanjo hii, homa ndogo na kichwa vipo. Siku mbili tatu vinaisha. Visipoisha, au homa ikipanda, unarudi.

#11 Fundi_Friji
Hamjambo. Mimi nimetengeneza mafriji ya chanjo miaka mingi, naomba niseme kitu ambacho madaktari hawasemagi. Watu wote wanaogopa chanjo kupata joto. Hii ya HPV inatakiwa 2 mpaka 8, lakini adui yake mbaya zaidi ni kuganda. Asubuhi timu inachelewa, mtu anatoa vibarafu kwenye friza vimekauka kama jiwe anapanga moja kwa moja kwenye kibeba chanjo, vichupa vinagusana na barafu, vinaganda. Inatakiwa kibarafu ukiache kwanza mpaka ukikitikisa usikie maji yanacheza ndani. Sasa nani ana muda huo na dereva anapiga honi?

Na ile alama ya kwenye kichupa, kimraba ndani ya duara, inakuambia habari za joto tu. Kuganda haikuambii. Chanjo iliyoganda na kuyeyuka unaichoma tu bila kujua, na bega linaweza kuwaka zaidi ya kawaida, kuvimba kigumu. Mama mwangalie mtoto kama kuna uvimbe mgumu.

#12 HojaMoja
#11 umeongea cha maana kuliko wote. Kwahiyo woga mmoja, njaa mbili, friji tatu, mapepo nne. Na zote zingeweza kujulikana kama mtu angeandika.

#13 Mtu_wa_Takwimu
Naomba niongeze ya tano: sadfa. Ukichanja mamilioni ya mabinti ndani ya siku chache, wapo ambao wiki hiyohiyo wangeumwa malaria, wangeanguka kifafa, wangekufa kwa ajali, uchanje usichanje. Mfano India, mradi wa HPV wa Andhra Pradesh na Gujarat ulisimamishwa Aprili 2010 baada ya vifo saba. Walipochunguza, kuna aliyezama maji, kuna aliyeumwa na nyoka, kuna waliokunywa sumu ya kuulia wadudu, kuna malaria. Uingereza 2009, mji wa Coventry, binti wa miaka 14 alifariki masaa machache baada ya kuchanjwa, magazeti yakawaka, uchunguzi wa mwili ukakuta alikuwa na uvimbe mkubwa kifuani ambao hakuna aliyekuwa anaujua.

"Baada ya" sio "kwa sababu ya". Jogoo anawika, jua linachomoza.

#14 HojaMoja
Mkuu #13 India umeisimulia nusu. Hao hao waliochunguza walikuta ufuatiliaji wa maudhi ya chanjo ulikuwa mbovu, na idhini za watoto wa bweni zilisainiwa na wasimamizi wa mabweni badala ya wazazi. Kamati ya bunge lao mwaka 2013 iliwachana vibaya. Vifo havikusababishwa na chanjo, sawa, na bado mradi ulikuwa haujui kinachowapata watoto wake. Vyote viwili ni kweli na wewe umechagua kimoja.

#15 Mtu_wa_Takwimu
Hapo nimekubali, umenipata.

#16 Mkamba_wa_Machakos
Sasa niwaambie ya kwetu Kenya. Sisi HPV ilianza Oktoba 2019, wasichana wa miaka kumi, kwa dozi mbili. Madaktari Wakatoliki walipinga sana. Na hiyo haikuanza hapo, 2014 maaskofu walisema chanjo ya pepopunda iko na homoni ya kufunga kizazi, ikawa kelele nchi nzima. Kwahiyo HPV ilipata watu washaogopa kitambo. Kuripoti unaenda mtandaoni kwa Bodi ya Famasia na Sumu, hata wewe mzazi unaweza. Nilijaribu ya mtoto wa dadangu, ilikuwa upele tu. Network ikapotea kwa ukurasa wa mwisho nikaanza upya. Mara ya tatu nikawacha.

#17 Nyegezi_Boy
Bodi ya Famasia na SUMU. Jirani hilo jina ndio linawaogopesha watu sio chanjo 🤣

#18 Mkamba_wa_Machakos
Haki hiyo sikuwahi fikiria.

#19 Babu_wa_Pwani
Mnacheka. Japani walipiga marufuku hii chanjo 2013, Mjapani sio mjinga. Na hiyo dozi moja imepimwa wapi? MWANZA. Kwa watoto wetu. Panya wa maabara ni sisi.

#20 DadaWaKopenhagen
Babu shikamoo. Japani hawakupiga marufuku. Aprili 2013 iliingia kwenye ratiba, Juni wakaacha kuwahamasisha watu baada ya mabinti kulalamika maumivu yasiyoisha na kushindwa kutembea. Ilikuwa bado bure kwa anayetaka. Lakini uchanjaji ulitoka kama asilimia 70 ukaanguka chini ya 1. Jiji la Nagoya likauliza wanawake kama elfu 30, dalili 24, waliochanjwa na wasiochanjwa, hawakuona tofauti. Na utafiti huo ulitokana na wazazi waliolalamika kuliomba jiji. Uhamasishaji ukarudi Aprili 2022. Miaka tisa.

Huku Denmark ninakoishi nimeliona kwa macho. 2015 TV ilionyesha mabinti wanaozimia zimia, moyo unakimbia wakisimama. Mwanangu wa kwanza ilikuwa zamu yake, nikamficha barua ya mwaliko kwenye droo. Shirika la dawa la Ulaya likapitia mwaka huohuo likasema hawaoni chanjo kuwa chanzo. Nikampeleka akiwa amechelewa miaka miwili. Sijui kama nilikosea kusubiri au nilikosea kuogopa.

#21 Vidonge_Mara3
Na hiyo ya Mwanza, mabinti 930 wa miaka 9 mpaka 14, kulinganisha dozi moja, mbili na tatu. Chanjo zenyewe zilikuwa zimeshasajiliwa na kutumika duniani. Kilichopimwa ni idadi ya sindano. Kenya nao walifanya yao kwa wasichana 2,275. Na Babu wale 930 walikuwa wanafuatiliwa mmoja mmoja, wana namba, wana simu, wana tarehe ya kurudi. Kama ni kufuatiliwa maudhi, hao "panya" wako walifuatiliwa kuliko mtoto wa MamaTunu.

#22 HojaMoja
Hiyo sentensi ya mwisho ingewekwa juu ya uzi.

#23 Omuhaya_Nshomile
Nimechelewa, nilikuwa shamba. Hivi mnazungumzia wasichana kudondoka Kanda ya Ziwa na hakuna aliyetaja Kashasha? Januari 1962, shule ya wasichana kule kwetu Bukoba, wasichana watatu wakaanza kucheka. Kucheka na kulia, hawanyamazi. Ikaambukiza, 95 kati ya wanafunzi 159. Machi shule ikafungwa, waliorudi makwao wakaipeleka vijijini. Madaktari wakapima damu, wakatafuta sumu kwenye chakula, hakuna kitu. Na hakuna aliyekuwa anaigiza, bibi yangu mzaa mama alikuwa na shoga yake pale, anasema yule binti alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka anaomba wamsaidie.

#24 Kibogoyo_Original
Umeona sasa. Mapepo.

#25 Mtu_wa_Takwimu
Kashasha na Colombia ni ndugu. 2014 mji wa El Carmen de Bolívar, mabinti mamia, ganzi, kuzimia, wanakimbizwa hospitali, video zikasambaa kwenye simu na wagonjwa wakazidi kuongezeka. Taasisi ya afya ilipochunguza haikukuta kasoro kwenye chanjo. Ila serikali ilivyotangaza "ni mambo ya akili yenu" wazazi waliwaka moto, na uchanjaji nchi nzima ukaporomoka. WHO siku hizi wanaepuka hata neno la kichaa, tangu 2019 wanasema mwitikio wa msongo unaotokana na tukio la kuchanjwa. Neno refu lakini lina adabu.

#26 HojaMoja
Adabu ya jina haitoshi. Tatizo langu na hii "woga" ni kwamba ni jibu rahisi mno. Mtoto mweusi, maskini, msichana, kadondoka: woga. Imeisha, hakuna haja ya kupima kitu. Mimi dada yangu aliambiwa woga shuleni mwaka mzima, kumbe sikoseli. Sisemi ya Tunu ni sikoseli. Nasema ukiwahi kusema woga, huandiki. Usipoandika, mwaka kesho unasema "hatujapokea taarifa zozote za madhara".

#27 Nesi_Zamu_ya_Usiku
Sawa, ngoja na mimi niseme upande wetu kabla hamjanimaliza. Wiki hii nimechanja watoto 280 kwa siku moja, tuko wawili. Fomu sio kikaratasi, ina kurasa. Nakala zilikuwa kumi kwa kata nzima, nikaenda kutoa kopi kwa hela yangu. Na ukiripoti, wa kwanza kuulizwa ni wewe: ulichomaje, ulihifadhije, adrenalini ilikuwa wapi. Mtu anakuja na gari la wilaya, kituo kizima kinakuangalia kama umeua. Mwenzangu aliripoti jipu la bega mwaka juzi, mpaka leo anaitwa Mama Jipu. Sasa nesi aliyemwambia MamaTunu "kawaida" simtetei, ila najua kwanini kalamu yake ilikuwa nzito.

#28 Mwl_Chaki
Mama Jipu 😭 pole yake.

#29 Babu_wa_Pwani
Nesi leo umesema ukweli. Nakupa tano.

#30 Nyegezi_Boy
Babu na Nesi wamekubaliana, wakuu piga screenshot. Halafu Babu nikuulize, hilo kovu kwenye bega lako ni la nini? Si chanjo ya ndui hiyo? Na una watoto tisa. Kizazi hakikutafutwa vizuri.

#31 Babu_wa_Pwani
Kumi na moja. Na heshima iwepo.

#32 MamaTunu
Jamani nimerudi, siku mbili sikuwa na bando. Tunu mzima, homa imeisha, kaenda shule. #11 nimekagua bega, kuna kigumu kidogo kama punje ya harage, hakiumi sana.

Sasa sikilizeni. Jana nilienda shule na wazazi wawili wa wale wengine. Mwalimu mkuu hana kitu, ana orodha ya majina na tiki. Timu ya chanjo walikuja na maboksi ya bechi mbili siku hiyo, na orodha haisemi nani kachomwa ya boksi lipi. Tukakata tamaa. Ndio yule mwalimu aliyekuwa anampepea Tunu akasema ngoja. Akaleta lile daftari la hesabu. Nyuma, ukurasa wa mwisho, kaandika kwa kalamu nyekundu: saa 5:40 Tunu, 5:47 fulani, 5:55 fulani, 6:05 fulani. Na mbele ya kila jina kaandika amekula nini. Watatu "hajala". Mmoja "mhogo". Anasema alizoea tu, yeye mtoto akianguka anaandika saa, alifundishwa na mama yake mkunga.

Tumepeleka kwa mratibu wa wilaya. Fomu zimejazwa tatu.

#33 Vidonge_Mara3
Mpeni huyo mwalimu cheo. Ila mbona tatu? Si walikuwa wanne?

#34 MamaTunu
Yule wa 5:55, mama yake kasema alikuwa bado hajachomwa. Alidondoka kwenye foleni.

#35 Mtu_wa_Takwimu
Si nilisema.

#36 Kibogoyo_Original
Si nilisema.

#37 Mwl_Chaki
Uji, wakuu. UJI.

#38 Fundi_Friji
Na lile harage la begani je? Foleni haivimbishi bega.

#39 HojaMoja
Na huyo wa foleni anaandikwa wapi sasa?

#40 Vidonge_Mara3
Hana pa kuandikwa. Fomu inataka tarehe na saa ya chanjo, hana.

#41 Nyegezi_Boy
Kwani alichanjwa baadae au ndo alikimbia moja kwa moja?

#42 MamaTunu
Kachanjwa leo asubuhi. Kalishwa chapati mbili kwanza, kakalishwa kwenye kiti, na mwalimu wa hesabu kasimama pembeni na daftari lake.